Kuongoza timu inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu chuoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huniijia kutoka kwa watu waliokabidhiwa kitengo cha huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu. Wengine wamekuwa na wiki mbili za kujiandaa, wengine hata siku mbili hawakupata. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayomnyima mtu usingizi.

## Mambo ya msingi

Kazi ya timu hii hasa ni ipi?

Ni kuhakikisha mwanafunzi mwenye ulemavu anasoma masomo yale yale wanayosoma wenzake na kupimwa kwa kipimo kile kile, bila kukwamishwa na ngazi, karatasi, sauti au saa. Kumhurumia hakumo. Kumpunguzia silabasi pia hakumo.

Mara nyingi anachohitaji mwanafunzi hakiko ofisini kwetu. Kiko kwa mhadhiri anayetoa notisi zake usiku wa kuamkia kipindi, kwa mpanga ratiba aliyeweka darasa ghorofa ya nne, au kwa mlinzi mwenye ufunguo wa lifti mfukoni. Sisi ndio wa kuwafuata hao. Timu inayokaa ofisini ikingoja foleni ya wanafunzi itakuwa na shughuli nyingi tangu asubuhi hadi jioni, na chuo kitabaki vilevile.

Je, kiongozi lazima awe daktari au mtaalamu wa elimu maalumu?

Hapana. Ukiwa na ujuzi huo ni heri, lakini nimeona wataalamu wazuri wakishindwa kwa sababu hawakujua mitihani inapangwa lini na nani anatia saini bajeti. Utaalamu unaweza kuuajiri. Kalenda ya chuo ni lazima uijue mwenyewe.

Tunasimama juu ya sheria gani?

Msingi wa kimataifa ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa 13 Desemba 2006 na kuanza kutumika 3 Mei 2008. Ibara ya 24 inahusu elimu, na aya yake ya 5 inataja elimu ya juu waziwazi: nchi wanachama zihakikishe watu wenye ulemavu wanaifikia bila ubaguzi na wanapatiwa marekebisho stahiki. Ibara ya 2 inaongeza jambo ambalo wakuu wengi hawalijui, kwamba kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi wenyewe. Kikomo kilichowekwa ni mzigo usio na uwiano au usiostahili. Usumbufu wa kawaida haumo katika kikomo hicho.

Chini ya hapo kuna sheria za nchi. Uingereza ina Sheria ya Usawa ya 2010. Marekani ina kifungu cha 504 cha Sheria ya Urekebishaji (Rehabilitation Act) ya 1973, kisha sheria ya Wamarekani wenye ulemavu ya 1990. Tafuta ya kwenu, uisome mwenyewe, halafu kaa na mwanasheria wa chuo kabla ya mgogoro wa kwanza. Mkikutana mara ya kwanza siku ya mgogoro, atakuwa anakitetea chuo.

Ufikikaji na marekebisho stahiki vina tofauti gani?

Ufikikaji hujengwa mapema kwa ajili ya yeyote atakayekuja. Marekebisho hufanywa kwa mtu mmoja ambaye tayari amekwama. Njia ya mteremko iliyojengwa pamoja na ukumbi ni ufikikaji. Kuhamisha kipindi kwenda ukumbi wa chini kwa sababu mwanafunzi fulani anatumia kiti cha magurudumu ni marekebisho.

Nina kanuni yangu ndogo: ombi lile lile likija mara ya tatu, silitimizi tu, nalipeleka pia kwenye kikao cha idara kama kasoro ya ufikikaji. Wanafunzi watatu wameomba slaidi kabla ya kipindi? Basi slaidi zitolewe kabla ya kipindi kwa darasa zima.

Tutarajie wanafunzi wangapi?

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2022, linakadiria kuwa watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani takriban asilimia 16, mtu mmoja kati ya sita. Chuoni idadi itakuwa ndogo zaidi, kwa sababu wengi huchujwa njiani kabla ya kufika, na kwa sababu waliofika hawajitaji wote.

Usitarajie fimbo nyeupe na viti vya magurudumu tu. Wengi watakaobisha hodi ulemavu wao hauonekani kwa macho: disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), kifafa, sonona, maumivu yasiyoisha, shida ya kutulia na kuzingatia. Kiongozi anayepanga timu yake kwa kuangalia kinachoonekana atakuwa na njia za mteremko nzuri na wanafunzi wanaoacha masomo kimyakimya.

## Watu wa timu

Nianze na nani?

Kama una nafasi moja tu, ajiri mratibu anayejua kufuatilia. Mtu wa kupiga simu ya nne bila kukasirika. Ya pili iwe ya mtu wa maandishi na teknolojia: kuskani, kusafisha faili, kuchapa nukta nundu (maandishi ya Braille, yanayosomwa kwa vidole), kufundisha wanafunzi kutumia kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye kompyuta. Ushauri nasaha, kama chuo kina kitengo chake, usiuanzishe upya kwako. Peleka mwanafunzi huko, kisha uliza kama alipokelewa.

Mkalimani mmoja wa lugha ya alama anatosha kwa mwanafunzi mmoja kiziwi?

Kwa mazungumzo ya dakika ishirini ofisini, ndiyo. Kwa mhadhara wa saa mbili, hapana. Ukalimani unachosha akili kabla ya mikono, na mkalimani aliyechoka huanza kuacha maneno bila yeye mwenyewe kujua. Ndiyo maana hufanya kazi wawili wawili wakipokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30, na yule aliyepumzika humsaidia mwenzake kwa istilahi.

Istilahi ndiyo shida ambayo bajeti haiioni. Mkalimani anaweza kuwa hodari na bado asijue ishara ya neno la biokemia, maana pengine haijatungwa. Ataitamka herufi kwa herufi kwa vidole huku mhadhiri ameshafika sentensi ya tatu. Mpeni notisi angalau siku mbili kabla, na mwanafunzi na wakalimani wapate saa moja kwa wiki ya kukubaliana ishara za somo. Saa hiyo ilipwe.

Kuna dogo moja tena. Mkalimani asisimame mbele ya dirisha. Mwanga ukiwa nyuma yake, mwanafunzi ataona kivuli chenye mikono.

Wanafunzi wenzao wanaweza kusaidia kwa kujitolea?

Wanaweza, kwa mambo madogo: kushirikishana notisi, kuonyeshana njia wiki ya kwanza. Lakini jambo ambalo likikosekana mwanafunzi atafeli lisibebwe na mtu wa kujitolea. Anayejitolea ana mtihani wake, ana homa yake, na anaweza kugombana na rafiki yake. Mwanafunzi asiyeona aliwahi kuniambia, “Mwalimu, tangu Jumatatu sijasomewa chochote kwa sababu sikumwazima mtu pesa.” Tangu siku hiyo wasomaji wetu wana mkataba na malipo, hata kama ni kidogo.

Timu yenyewe iwe na watu wenye ulemavu?

Iwe nao, na wasiishie mapokezi. Huduma hizi kwa sehemu kubwa zilianzishwa na wanafunzi wenyewe. Ed Roberts alipoingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1962, akiwa amepooza kwa polio na akihitaji mashine ya kupumulia, hapakuwa na bweni la kumfaa. Alilazwa katika hospitali ya chuo, nayo ikawa bweni lake. Wengine wakamfuata humo, wakajipanga, na kufikia 1970 walikuwa wameanzisha programu ya chuo ya kuwahudumia wanafunzi wenye ulemavu wa viungo. Wao ndio waliojua nini kinaharibika, saa ngapi, na nani wa kumwamsha.

## Kalenda, yaani karibu kila kitu

Kwa nini vitabu vya nukta nundu huchelewa kila muhula?

Kwa sababu tunaletewa orodha ya vitabu muhula ukishaanza. Watu hudhani mashine ya kuchapa ndiyo inayochelewesha. Mashine ni kazi ya saa kadhaa.

Fuata kitabu kimoja. Kwanza kinakatwa mgongo na kuskaniwa. Kisha programu inayotambua herufi inakisoma na kukosea: herufi “l” inakuwa tarakimu 1, safu mbili za jedwali zinaungana, tanbihi inaangukia katikati ya sentensi. Mtu anakaa na kusahihisha ukurasa kwa ukurasa. Michoro inaamuliwa mmoja mmoja: huu uelezwe kwa maneno, huu uchorwe kwa mistari iliyoinuka, huu uachwe. Hesabu zina mfumo wake wa kuandika. Ndipo faili linapogeuzwa, linapitiwa na msomaji wa nukta nundu, na kuchapwa. Ukurasa mmoja wa kawaida huzaa kurasa mbili hadi tatu, hivyo kitabu cha begani kinarudi kikiwa majuzuu ya kujaza rafu. Kitabu chenye michoro mingi ni kazi ya wiki kadhaa.

Kwa hiyo dai orodha za vitabu wiki nane kabla ya muhula. Hutapata zote. Anza na sura za wiki tatu za kwanza, umpe mwanafunzi, uendelee. Kumaliza kitabu kizima ndipo ukitoe ni kosa la watu wanaopenda kazi safi, nami nimelifanya.

Kuhusu hakimiliki, angalia kama nchi yenu imejiunga na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioanza kutumika 2016. Unaruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala zinazofikika kwa wasioweza kusoma maandishi ya kawaida bila kuomba kibali cha mwenye haki, na kubadilishana nakala hizo kuvuka mipaka. Kabla ya kuskani, uliza kama kuna mwingine aliyekwisha kukitengeneza.

Mhadhiri ametuma PDF. Si tayari ni ya kielektroniki?

Ifungue ujaribu kuteua neno moja kwa kipanya. Ikiteuka, huenda inafaa. Ikikataa, hiyo ni picha ya karatasi, na kisoma skrini kitakaa kimya au kurudia “picha, picha, picha” kurasa arobaini. Mwombe mhadhiri faili la asili alilochapa. Mara nyingi analo, hakujua tu kwamba lina faida.

Kisoma skrini cha NVDA ni cha bure na kimekuwapo tangu 2006. Kiweke kwenye kompyuta ya kila mtu katika timu, zimeni skrini, kila mmoja ajaribu kujisajili somo kwenye mfumo wa chuo. Dakika kumi za zoezi hilo zitawafunza kuliko semina ya siku nzima. Kwa mnunuzi wa mifumo, miongozo ya WCAG 2.2 ya Oktoba 2023, yaani miongozo ya kimataifa ya ufikikaji wa tovuti, ndiyo ya kuiweka ndani ya mkataba wa ununuzi. Mkataba ukishatiwa saini bila masharti hayo, mwenye mfumo atawatoza kila kirekebisho.

Mitihani tuanze kuipanga lini?

Siku ratiba ya rasimu inapotoka, au kabla yake. Chukua mtihani wa saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Mwanafunzi aliyeongezewa robo ya muda wa mtihani anamaliza saa 5 na dakika 45. Aliyeongezewa nusu anamaliza saa 6 na nusu. Kama ana mtihani mwingine saa 8 mchana, muda tuliompa tumeutoa kwenye chakula na pumzi yake, na bado anaingia amechoka kuliko wenzake. Hilo hurekebishwa kwenye rasimu kwa kusogeza mtihani mmoja. Ratiba ikishabandikwa, kila kusogeza ni vita.

Panga vyumba pia. Anayetumia mwandishi, yaani mtu wa kumwandikia majibu anayoyataja, atakuwa anaongea, kwa hiyo ni chumba cha peke yake. Mashine ya Perkins ya nukta nundu hugonga kama nyundo ndogo, nayo ipewe chumba chake. Maswali ya nukta nundu yanahitaji kufika kwenye timu kabla, chini ya ulinzi ule ule wa ofisi ya mitihani. Kubalianeni kwa maandishi nani ana ufunguo.

Muda wa ziada uwe kiasi gani?

Robo ya muda ndiyo inayotolewa sana, na wengine huhitaji nusu au zaidi. Usiigeuze kuwa dawa ya kila mtu. Mwenye kisukari pengine anahitaji ruhusa ya kula na saa isimamishwe wakati huo. Mwenye maumivu ya mgongo anahitaji kusimama. Muda mwingi zaidi wa kukaa kwenye kiti kinachomuumiza si msaada.

## Wahadhiri

Mhadhiri anasema tunashusha viwango. Nimjibu nini?

Muulize somo lake linapima nini. Kama linapima kuelewa sheria ya mikataba, kasi ya kuandika kwa mkono haimo, na kumpa mtu kompyuta hakugusi kiwango. Kama linapima kuingiza sindano kwenye mshipa, basi kuingiza sindano ni kiini cha somo na hakiondolewi. Tutajadili namna ya kufika hapo. Wahadhiri wengi, wakiulizwa hivyo kwa heshima, huanza wenyewe kutenganisha kiini na mazoea. Wachache hawatakubali. Hao wapelekee barua rasmi yenye nakala kwa mkuu wa idara, usibishane nao korido.

Anakataa kurekodiwa.

Hofu yake ina msingi, maana sauti husambaa. Mwanafunzi atie saini kwamba rekodi ni ya kujisomea, haigawiwi, na itafutwa baada ya matokeo. Mhadhiri awe na haki ya kusema “zima” wanafunzi wanapozungumza mambo binafsi. Tukifika hapo, sijaona wengi wakiendelea kukataa.

## Siri

Nani ajue mwanafunzi ana ulemavu gani?

Wachache kuliko unavyodhani. Mhadhiri anahitaji kujua cha kufanya: “apewe notisi kabla, akae mbele.” Jina la ugonjwa halimhusu, isipokuwa mwanafunzi aamue kumwambia. Barua zetu hazitaji utambuzi wa daktari hata mara moja. Vyeti vya hospitali hukaa kwenye kabati lenye kufuli au faili lenye nywila, na ndani ya timu huvisoma yule tu anayetathmini.

Mzazi amepiga simu anataka maendeleo ya mwanawe.

Msikilize, umshukuru, usimwambie kitu. “Mama, nimekusikia, na nitamwambia akupigie.” Mwanafunzi ni mtu mzima. Akiruhusu kwa maandishi, sawa. Ugumu ni kwamba mzazi huyu pengine amekuwa wakili wa mtoto wake kwa miaka kumi na minane na hakuna aliyemwambia kwamba kazi imebadilika mikono. Kwa hiyo mweleze huduma zinavyopatikana kwa wanafunzi wote, bila kumtaja wake. Huondoka na kitu.

Mwanafunzi anahitaji msaada waziwazi, lakini hataki kujiandikisha.

Ni haki yake. Mwonyeshe mlango ulipo, mara moja, bila kumfuatafuata. Hapa ndipo ufikikaji unapolipa, kwa sababu slaidi zilizotolewa kwa wote humfikia naye bila kujitaja.

## Yale magumu

Ameomba marekebisho baada ya kufeli.

Kwa kawaida marekebisho hayarudi nyuma kubadili alama. Lakini usiishie hapo. Uliza kwa nini hakuja mapema. Kama aliomba na sisi tukachelewa, kosa ni letu, na ninaiandikia kamati ya mitihani kusema hivyo kwa maneno hayo hayo. Kama hakujua ana tatizo hadi juzi, kanuni za rufaa mara nyingi zina nafasi kwa hali hiyo. Pia tengeneza marekebisho ya mtihani wa marudio siku hiyo hiyo.

Aliyepata ulemavu katikati ya masomo?

Huyu hana ujuzi wa kuishi na ulemavu wake. Mwanafunzi asiyeona tangu utoto anatumia kisoma skrini kwa kasi ambayo sikio lako haliwezi kufuata; aliyepoteza kuona mwezi Machi hawezi, na kumkabidhi programu ni kumzamisha. Mpe msomaji kwanza, punguza idadi ya masomo kwa muhula kama anataka, na mfunze taratibu. Mkutanishe na mwanafunzi aliyepita njia hiyo, akikubali.

Nitajuaje kama anadanganya?

Tathmini yenye utaratibu itawachuja wengi. Atakayepenya apenye. Nikilinganisha uzito, anayepata dakika 45 asizostahili hanisumbui kama yule aliyegeuzwa mlangoni kwa kukosa karatasi ambayo vipimo vyake hakuweza kuvilipia. Mpe wa pili marekebisho ya muda mfupi huku ushahidi ukitafutwa.

Mahitaji mawili yamegongana.

Mmoja ana mbwa mwongozaji, mwingine anabanwa pumzi akiwa karibu na mbwa. Mmoja anahitaji taa kali, mwingine taa kali humletea kipandauso. Hakuna anayeshinda kwa kuwa wa kwanza kuandikishwa. Zungumza na kila mmoja peke yake bila kumtaja mwenziwe, anza na umbali na nafasi, kisha makundi tofauti ya darasa. Mara nyingi umbali unatosha.

Bajeti imekwisha na muhula bado.

Usiseme “hakuna pesa” kwa mwanafunzi. Wajibu wa kisheria ni wa chuo kizima, sio wa kasma yako. Peleka kwa uongozi orodha fupi: nani, anahitaji nini, kufikia tarehe gani, na kitatokea nini ikikosekana. Andika tarehe uliyoipeleka.

Kengele ya moto ikilia, nani anamshusha aliye ghorofani?

Swali hili huulizwa mwisho, wakati lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza. Kengele ikilia lifti hazitumiki, na kiziwi aliye chooni peke yake haisikii. Kila mwanafunzi anayehusika awe na mpango wake kwenye karatasi: anangoja wapi, nani anamfuata, kwa kifaa gani, na nani badala yake kama huyo hayupo.

Zoezi la kwanza nililosimamia lilikwenda vizuri mno. Jengo lilitoka, watu wakahesabiwa, tukapongezana uwanjani. Mwanafunzi wetu alikuwa bado ghorofa ya tatu, kwenye kona ya ngazi, akingoja pale pale karatasi ilipomwelekeza. Karatasi ile ilikuwa kwenye faili letu na hakuna mlinzi aliyewahi kupewa nakala. Siku hizi nakala inakaa lindoni, na kila zamu inayoingia inasaini kwamba imeisoma.